Pamba Inayokula Mahindi

Kijiji cha Lúdvár kilikuwa hakijawahi kugombana na pamba, kwa sababu kilikuwa hakijawahi kuiona shambani. Pamba kwao ilikuwa kitu cha dukani: uzi, shuka, kitambaa cha kufungia kidole kilichokatwa. Mtu aliyetaka kulala vizuri alifuga bata bukini, akawanyonyoa yale manyoya mororo ya kifuani, akajaza mfarishi, akajifunika mpaka masikioni na kusahau kwamba nje kuna theluji. Hivyo ndivyo Wahungari wa pale walivyolala tangu enzi za mababu, na waliolalamika walikuwa bukini peke yao.

Halafu vita vikaisha na serikali mpya ikaingia. Iliitwa mpya, lakini ukweli ni kwamba ilikuwa serikali ya mitumba: kila kitu chake kilikuwa kimeshavaliwa na mtu mwingine huko mashariki, kikaletwa na treni, na Lúdvár ikaambiwa ikivae hivyohivyo, kibane kisibane. Kule walikuwa na mashamba ya pamoja, basi ng'ombe wa Lúdvár wakakusanywa zizi moja, wakaanza kukonda kwa pamoja. Kule ukutani kulikuwa na picha ya mzee mwenye masharubu, basi akaja kutundikwa hata kwenye kinu cha kusagia nafaka, ambako hakuna aliyemwona kwa vumbi la unga. Salamu nazo zikabadilishwa. Badala ya "Tumsifu Yesu Kristu", mtu alitakiwa aseme "Uhuru".

Borka Sipos, mjane mwenye mikono mikubwa na ulimi usio na breki, hakukataa salamu mpya. Ila katibu wa chama wa wilaya alipompitia nyumbani kwake na kusema, "Uhuru, mama," Borka alimjibu kama alivyozoea kujibu tangu utotoni: "Milele, amina."

Katibu huyo, Ndugu Halmos, kijana mwenye koti la ngozi na viatu visivyojua tope, alisimama akafikiri. Mtu anayetaka uhuru wa milele huwezi kumshtaki. Akaondoka bila kujua kama ametukanwa, na Borka akaendelea kujibu hivyo kila walipokutana.

Habari ya pamba aliileta Halmos huyohuyo, majira ya kuchipua ya mwaka hamsini na moja. Aliita mkutano shuleni, akatangaza kwamba Muungano wa Kisovieti unalima pamba, na kwa hiyo Lúdvár nayo italima pamba.

"Na jua, ndugu?" Borka akauliza kutoka benchi la nyuma. "Nalo linakuja na treni?"

Watu wakainamisha vichwa wakikohoa. Halmos hakukohoa. Aliuliza nani hapa anaijua pamba, na hapo ndipo Vendel, kijana mpole kuliko wote ukumbini, alipofanya kosa la kusema kweli. Alinyoosha mkono. Alikuwa mateka wa vita, akapelekwa mpaka nchi ya Wauzbeki, na huko akachuma pamba mpaka vidole vikatoka damu. Kirusi alikijua, na pamba aliijua.

"Safi," alisema Halmos. "Wewe ndiye kiongozi wa kikosi cha pamba."

"Lakini ndugu, kule kuna joto la kupikia yai. Hapa haitapasuka. Baridi itaikuta bado mbichi."

"Hayo ni maneno ya kukatisha watu tamaa," alisema Halmos, akanong'ona kitu kwa mwenzake, ambaye alikiandika. Wengine waliomwona Vendel akikaa chini walianza kumhurumia pale pale.

Borka alimhurumia zaidi, maana Vendel alikuwa mchumba wa binti yake wa pekee, Vilma. Arusi ilipangwa mwezi wa Novemba, kabla ya Majilio. Kwa Lúdvár, siku ya arusi kitanda cha bibi arusi hupakiwa kwenye mkokoteni na kuzungushwa kijiji kizima, mifarishi na mito ikiwa imepangwa juu mpaka inayumba, na wanawake husimama malangoni kuipima kwa macho. Tangu Vilma azaliwe, Borka alikuwa akiweka manyoya ya kifua cha bukini, kiganja kwa kiganja, majira kwa majira. Hakuna nyumba iliyokuwa na mifarishi minene kama ile. Alikuwa akiisubiri siku hiyo kama wengine wanavyosubiri pensheni.

Basi wakalima. Kiangazi kilikuwa cha mvua. Pamba ikaota vizuri, ikatoa maua mazuri, ikafunga matunda, na matunda yakabaki kijani, magumu, yamejifunga kama ngumi. Oktoba ilipoingia, baridi ikapiga majani yakawa meusi. Hakuna tunda hata moja lililofungua kinywa.

Wiki hiyohiyo gari la Halmos likaja. Hakushuka. Alimwita mwenyekiti wa shamba la pamoja, mzee Bakó, na Vendel, akawaambia kupitia dirishani kwamba Jumatatu anakuja mtaalamu wa Kisovieti pamoja na mpiga picha wa gazeti, na kwamba shamba liwe jeupe.

"Haiwezekani, ndugu," alisema Vendel.

"Basi utaenda kuwaeleza Usalama kwa nini haiwezekani. Ulishasema tangu mwanzo haitapasuka. Ulijuaje?"

Gari likaondoka. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Katika kijiji jirani cha Sárfok, bwana shamba mmoja alichukuliwa na lori kwa sababu wadudu walikula viazi. Wakasema ni mhujumu, aliwaalika. Mkewe hupeleka soksi kituoni kila mwezi, na soksi hurudishwa.

Vendel alifika kwa Borka siku iliyofuata mchana. Alimkuta ameketi kwenye kigoda uani, bukini amembana magotini, kidole gumba kikisukuma mahindi kooni mwa ndege yule. Ndivyo walivyonenepeshwa kwa ajili ya soko: bukini hakuulizwa kama ameshiba. Vendel alikuwa amevaa suruali mbili moja juu ya nyingine, na Borka alipoziona akajua kijana ameshajiandaa. Aliyewahi kuchukuliwa na lori hajifunzi kuvaa hivyo mara mbili.

"Mama," alisema Vendel, "mtafutie Vilma mtu mwingine."

"Nani, Halmos?"

"Sitanii, mama. Mara ya kwanza nilirudi. Sijaona mtu aliyerudi mara mbili."

Safari hii Borka hakutania. Alimpenda kijana yule kuliko alivyowahi kumwambia, na aliogopa, na hasira ya kuogopa ikampanda mpaka bukini akalia. Akamwachia. Ndege akapiga mabawa, akakimbia, na manyoya yakapaa uani. Kishungi kimoja cheupe kikatua kwenye mkono wa koti jeusi la Vendel. Vendel akainua mkono kukipangusa.

"Hebu acha," alisema Borka. "Usiguse hapo."

Alisogea karibu. Akakitazama kishungi kile kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka kisimani, akatazama kutoka mbali.

"Vendel, mwanangu. Pamba iliyopasuka inafanana na nini?"

Vendel alijitazama mkono. "Mama, hao watu si vipofu."

"Wangekuwa wanaona, wangelima pamba hapa?"

Vilma alipomkuta mama yake chumbani na mkasi mkononi, mfarishi wa kwanza ukiwa umeshafumuliwa upande mmoja, alianza kulia.

"Mama, hicho ni kitanda changu."

"Kitanda unacho, hakuna anayekichukua. Unachokaribia kukosa ni mtu wa kulala naye. Shika huu upande."

Vilma aliushika. Walipomaliza mifarishi wakaingia kwenye mito. Borka hakutazama sana alichokuwa akifanya. Kila kiganja alikijua kilitoka kwa bukini gani.

Jumapili ukungu ulishuka juu ya tambarare, mzito, mtu hakuona ncha ya kiatu chake. Kasisi alifanya misa fupi kuliko zote alizowahi kufanya, akasema Mungu leo anaelewa, bila kueleza anaelewa nini. Wanawake wakatoka kanisani moja kwa moja mpaka shambani, kila mmoja na kisu kidogo, sufuria ya gundi ya unga wa ngano na kifuko cha manyoya ya Borka chini ya shali. Kazi ya manyoya wote waliizoea. Kila majira ya baridi hukaa pamoja kuyachambua, na sheria yake ni moja: hakuna kucheka, hakuna kupiga chafya, hakuna kufungua mlango. Shambani mlango haukuwepo, lakini sheria waliishika. Kata tunda, paka gundi, shindilia, vuta kidogo nje liwe kama limepasuka lenyewe. Walifanya mistari ya kando ya barabara tu. Hakuna mgeni wa serikali aliyewahi kuingia ndani zaidi ya hapo, kwa ajili ya viatu.

Polisi wa kijiji alipewa chupa ya gongo ya plamu na kuambiwa apumzike. Mzee Bakó, mwenyekiti, alitokea kwenye ukungu, akasimama, akaona wanawake wote wa kijiji wakiwavisha mimea manyoya ya bukini. Akavua kofia.

"Mtu akiniuliza," alisema, "nilikuwa kwa ng'ombe."

"Wasalimie," alisema Borka.

Jumatatu ukungu ulianza kuondoka gari lilipokuwa likifika, na jua likaanguka juu ya shamba. Lilikuwa jeupe. Lilikuwa jeupe kiasi kwamba Borka mwenyewe, aliyelijaza kwa mikono yake, aliona fahari. Halmos alishuka akabaki amekamata mlango wa gari. Ilionekana wazi alikuwa amejiandaa kumkamata mtu, hakuwa amejiandaa kufurahi.

"Uhuru," alisema kwa sauti ndogo.

"Milele, amina," alijibu Borka.

Nyuma yake alishuka mtaalamu, Ndugu Ergash Normatov, Muuzbeki wa makamo mwenye kofia ya darizi na uso uliochomwa na jua la miaka mingi. Alifuatwa na mkalimani, msichana wa mjini mwenye miwani. Mpiga picha akaanza kazi. Ergash hakusubiri hotuba. Alienda moja kwa moja kwenye mmea wa kwanza, akashika tunda moja, akavuta kishungi, akakisugua kati ya vidole. Akasimamisha vidole. Akavuta kitu kidogo chembamba, kijiti cha unyoya, akakiinua kwenye mwanga.

Vendel alikuwa amesimama karibu na Borka.

Ergash alinusa kile kishungi, akapiga chafya kubwa. Kutoka kwenye mistari ya karibu manyoya kadhaa yakainuka, yakacheza hewani, yakatua begani mwa Halmos.

"Imeiva mno," alisema Borka haraka. "Haitaki hata kungoja kuchumwa."

Halmos alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu alitaka sana kukubali. Ergash aliuliza kitu kwa Kirusi, na mkalimani akatafsiri: "Ndugu mtaalamu anauliza, pamba hii mnailisha nini?"

Kila mtu akamgeukia Vendel, kiongozi wa kikosi. Borka akasogea mbele, akamtazama yule mgeni usoni.

"Mahindi, ndugu. Asubuhi na jioni. Ikikataa kula, tunaishindilia."

Mkalimani alisita, akatafsiri kama alivyosikia. Halmos akacheka cheko la mtu asiyejua anacheka nini. Ergash hakucheka. Alimtazama Borka, akatazama mikono yake mikubwa, akaona gundi ya unga iliyokaukia kwenye kucha, na uso wake ukalegea kidogo. Kisha akasema maneno machache, taratibu. Mkalimani akawa mwekundu.

"Ndugu mtaalamu anasema," alisema msichana yule, akirekebisha miwani, "kwamba hata kwao pamba inakula vizuri."

Borka aliona Vendel akiinamisha kichwa, akajua si hivyo mgeni alivyosema.

Ergash akakitia kile kishungi chini ya kofia yake, akamgeukia Halmos, akatoa hukumu: nyuzi laini ajabu, hajawahi kuona za namna hii popote katika Muungano wa Kisovieti. Na hapo alikuwa anasema kweli tupu. Halmos alimkumbatia Vendel, akambusu mashavu yote mawili mbele ya mpiga picha. Akaulizwa na mwenzake kama ni kweli kijana huyu ndiye aliyesema haitapasuka. "Unyenyekevu," alijibu Halmos. "Unyenyekevu wa kimapinduzi."

Kabla ya kuingia garini, aligeuka, akanyoosha mkono kuelekea upeo wote. "Mwaka ujao," alisema, "Sárfok, na wilaya nzima."

Borka aliyasikia maneno hayo, yakampita. Siku ile alikuwa na nafasi moyoni kwa ajili ya shingo moja tu, na shingo hiyo ilikuwa imesimama pale, bado ina kichwa chake.

"Alisema nini yule?" alimuuliza Vendel gari lilipotokomea.

"Alisema hivi: kwetu sisi Wauzbeki pamba ilikula miti ya aprikoti ya baba yangu. Halafu ikamla baba."

Borka, ambaye alikuwa ameanza kucheka tangu gari lilipowashwa, aliacha kucheka. Akaenda kuwapa bukini maji.

Arusi ilifanyika Novemba kama ilivyopangwa. Mkokoteni ulipita na kitanda, na mifarishi ilikuwa imepangwa juu mpaka inayumba, kwa sababu Borka hakukubali kuaibika. Ila ndani yake kulikuwa na maganda makavu ya mahindi. Kila gurudumu lilipokanyaga jiwe, kitanda kizima kilichakarika. Wanawake walisimama malangoni na nyuso za heshima, maana kila mmoja wao alijua manyoya yalikokwenda. Lakini kijiji ni kijiji. Kwa majira yote ya baridi jirani walimsalimia Vendel kwa kumuuliza kama usiku panya walimsumbua, maana walisikia mchakaricho, na Vilma alikuwa akipita kisimani na shali usoni. Borka alicheka kuliko wote. Picha ya Vendel akibusiwa ilitoka gazetini, na mzee Bakó akaitundika zizini, ng'ombe waione.

Theluji ilipoyeyuka, Borka alikuwa jikoni akikaanga mafuta ya bukini, mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Ágota, dada wa marehemu mumewe, ambaye aliolewa Sárfok. Hakusema "Tumsifu Yesu Kristu". Hakusema hata "Uhuru".

"Wifi, karibu," alisema Borka. "Umekuja wakati mzuri, vipande vya mafuta vimeshakaangika. Kaa ule."

Ágota hakukaa. Alikuwa na tope mpaka magotini, alikuwa ametembea.

"Jana Halmos alikuja kwetu," alisema. "Alileta lile gazeti. Akasema Lúdvár wameweza, nyie mna nini? Watu walipokataa, akawaonyesha picha. Wakanyamaza. Nani atasema haioti, wakati mkwe wako amebusiwa kwa sababu imeota?"

Borka alishika mwiko bila kukoroga. Mafuta yakaanza kuungua.

"Na kiongozi wa kikosi," Ágota aliendelea, "amewekwa Lőrinc wangu. Yeye hata hakunyoosha mkono. Alikuwa amekaa mbele tu."

Lőrinc alikuwa mwana wa pekee wa Ágota. Borka alimbeba siku ya ubatizo. Alijaribu kutafuta neno la kuchekesha, kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza tangu Halmos aanze kuwapitia na koti lake la ngozi, halikuwepo. Alimwokoa wake, ndiyo. Na kilichomwokoa kilikuwa kimepanda gari, kikaenda kubisha hodi kwa wifi yake, na kesho kitabisha hodi kwa mwingine. Aliona aibu, aibu yenyewe hasa, ile inayoshika masikio.

"Wifi," alisema. "Sikujua kama..."

"Ulijua. Ulikuwepo alipoitaja Sárfok." Ágota alifuta uso kwa kona ya shali. Hakuwa amekuja kugombana. Hasira alikuwa ameimaliza njiani. Akaweka kikapu chake kitupu mezani, akavuta kiti, akakaa.

"Basi nieleze," alisema. "Ekari moja inakula bukini wangapi?"

Borka alitoa sufuria motoni. Akaenda nje, akarudi na jike aliyekuwa akiatamia, bado mwenye joto, akamtia kikapuni taratibu pamoja na mayai yake. Kisha akakaa mbele ya wifi yake, akaweka mikono juu ya meza, na wakaanza kuhesabu kwa vidole.